Kisomo cha Mama na Uhai wa Mtoto

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika nchi ya Ekiti kusini-magharibi mwa Nigeria, palikuwa na miji miwili midogo iliyofanana karibu kwa kila jambo. Mmoja uliitwa Ido, wa pili Isinbode. Wakazi wake ni Wayoruba wa lugha moja na mila moja, wakulima wa viazi vikuu na kakao, wanaonyeshewa na mvua ileile na kuumwa na mbu walewale. Tofauti kubwa ilikuwa moja: Ido ilikuwa na hospitali, Isinbode haikuwa nayo.

Mtaalamu wa takwimu za watu wa huko huko Nigeria, Israel Orubuloye, pamoja na mwenzake Mwaustralia, John Caldwell, waliichunguza miji hiyo, wakihesabu waliozaliwa na waliokufa. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1975 hayakumshangaza mtu: palipo na hospitali, watoto wachache zaidi hufa. Lakini Caldwell alipozirudia hesabu zile na kuwatenga akina mama kwa kigezo kingine, yaani nani alikwenda shule na nani hakwenda, habari ikawa nyingine kabisa. Kianzio kilikuwa watoto wa mama asiyesoma na asiye na hospitali. Hospitali peke yake, kwa mama asiyesoma, iliwaongezea watoto asilimia 20 ya umri wa kuishi unaotarajiwa. Shule peke yake, kwa mama asiye na hospitali, iliwaongezea asilimia 33. Mama aliyekuwa na vyote viwili, watoto wake waliongezewa asilimia 87.

Namba hizi zinastahili kusomwa mara mbili. Shule bila daktari iliokoa watoto wengi kuliko daktari bila shule, na vilipokutana, faida ilizidi mbali jumla ya faida ya kila kimoja. Ni kama jembe na mpini.

Swali la nafasi ya mama katika uhai wa mtoto lilikuwa la zamani. Serikali na madaktari walikuwa wakilijadili tangu mwanzo wa karne ya 20, na kwa muda mrefu walilijibu kwa kumtupia mama lawama.

Uingereza ya mwaka 1899 ilitawala himaya kubwa kuliko zote duniani, lakini katika kila watoto 1,000 waliozaliwa nchini humo mwaka ule, zaidi ya 160 hawakufikisha umri wa mwaka mmoja. Hali hiyo ni mbaya karibu mara tano kuliko ya Tanzania ya leo. Vita vya Makaburu vilipodhihirisha kwamba vijana wengi wa miji ya viwanda ni dhaifu mno hata kuandikishwa jeshini, wakubwa walishtuka, na afya ya watoto ikageuka kuwa suala la taifa. Mwaka 1906 daktari George Newman alitoa kitabu kizima juu ya vifo vya watoto wachanga, na hukumu yake ilimwangukia mama: hajui kulisha, hajui usafi, hajui kulea. Mwaka uliofuata ilifunguliwa shule ya akina mama katika mtaa wa St Pancras, London. Watoto walipimwa uzito, na mama wakapewa mafunzo pamoja na mlo wa mchana. Mambo hayo yalisaidia, na ningependa kila mji uwe nayo. Hukumu ndiyo iliyokuwa na kasoro.

Walioianika kasoro hiyo walikuwa wanawake. Kuanzia mwaka 1909, Maud Pember Reeves na wenzake wa kundi la wanawake wa chama cha Fabian walizitembelea familia za wafanyakazi wa kipato cha chini huko Lambeth, kusini mwa London, wiki baada ya wiki, wakiandika kila senti iliyoingia na iliyotoka. Familia hizo ziliishi kwa takriban pauni moja kwa wiki. Washauri wa afya walikuwa wakiwahimiza wanawake hao kuwapikia watoto uji badala ya kuwapa mkate mtupu kila asubuhi. Ushauri mzuri, ila aliyeutoa hakuwa amechungulia jikoni. Sufuria ilikuwa moja, na ndiyo iliyopikia kila kitu. Moto ulikuwa wa kununua. Maziwa hayakuwepo, sukari ilihesabiwa kijiko kwa kijiko. Uji uliungua, ukatoa harufu ya kitoweo cha jana, na watoto wakaukataa. Mama yule aliifahamu bajeti yake kuliko daktari yeyote. Alichokikosa ni sufuria ya pili na maziwa.

Ng'ambo ya bahari, Marekani, kulikuwa na fundisho jingine, ingawa lilikuja kuonekana baadaye sana. Samuel Preston na Michael Haines walipoichambua sensa ya nchi hiyo ya mwaka 1900, walikuta kwamba karibu watoto 18 katika kila 100 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano, na kwamba kuwa na mama anayejua kusoma kulipunguza hatari hiyo kidogo tu. Hata watoto wa madaktari walipona kwa tofauti ndogo wakilinganishwa na watoto wengine. Yeyote anayesifia elimu, nami nikiwemo, inampasa akae na jambo hili. Wakati ule elimu haikuwa na mengi ya kutoa. Habari za vijidudu vya maradhi zilikuwa hazijawafikia watu majumbani. Maziwa ya mjini yaliuzwa bila kuchemshwa. Chanjo iliyoenea ilikuwa ya ndui tu. Mama aliyefungua gazeti alikutana na matangazo ya dawa zisizoponya chochote.

Kwa hiyo kisomo cha mama kilianza kuokoa watoto kwa wingi pale sayansi ilipopata la kumwambia, na serikali ilipokuwa na kitu cha kumpa. Sehemu moja iliyowahi kuviunganisha hivi viwili ni Kerala, kusini mwa India.

Sehemu ya kusini ya Kerala ya leo ilikuwa ufalme wa Travancore. Mwaka 1817 malkia wake, Gouri Parvati Bai, aliyekuwa bado binti mdogo, alitoa amri kwamba gharama za kuwasomesha raia zibebwe na dola. Wamisionari nao wakafungua shule za wasichana miaka hiyohiyo. Hata hivyo amri haikuwafikia wote. Watu wa tabaka la chini, kama Wapulaya, walizuiwa hata kupita barabara za wote, sembuse kuingia darasani. Mtu wao, Ayyankali, aliwaongoza vibarua wa mashamba kuweka majembe chini wakidai watoto wao wapokelewe shule. Karibu mwaka 1910 alimshika mkono msichana wa Kipulaya aitwaye Panchami, akampeleka katika shule ya Ooruttambalam. Wenye nguvu wa kijiji walikataa, vurugu zikazuka, na shule yenyewe ikachomwa moto. Nawaza juu ya watu ambao wangekubali darasa liwe majivu kuliko kumwona mtoto huyo kwenye dawati. Walijua vizuri kwamba msichana akishasoma hatatawalika kama zamani.

Miaka hiyohiyo, msichana mwingine wa Travancore, Mary Poonen, alinyimwa nafasi ya kusoma sayansi chuoni kwa kuwa ni mwanamke. Alikwenda London, akasomea udaktari, akarudi mwaka 1916, na mwaka 1938 akateuliwa kuwa mkuu wa madaktari wa dola nzima. Kwa hiyo mwanamke wa Travancore aliyejua kusoma alipofika hospitali, aliweza kumkuta mwanamke mwenzake akiiongoza. Hali kama hiyo ilikuwa nadra mahali pengi duniani.

Matunda yalionekana taratibu. Kufikia mwaka 1990, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa Kerala, 17 walikufa kabla ya mwaka mmoja. Kwa India nzima walikuwa 80. Na Kerala haikuwa jimbo la matajiri. Mtaalamu wa masuala ya jamii Joan Mencher aliandika mwaka 1980 jambo lililobaki akilini mwa wengi: huko Kerala, kituo cha afya kikikaa siku chache bila mhudumu, wananchi huandamana hadi ofisi ya mkuu wa wilaya. Mahali pengine kituo kinaweza kukaa tupu na watu wakanyamaza. Ule uwezo wa kudai ndio uliowafanya wauguzi wa Kerala wawepo kazini, na muuguzi aliyepo kazini ndiye anayemwokoa mtoto.

Hapo tunarudi kwa Caldwell. Mwaka 1973 timu yake iliwahoji zaidi ya wanawake 6,600 mjini Ibadan. Alipima kila kitu alichoweza: kazi ya baba, elimu ya baba, ndoa ya mke mmoja au ya mitala, makazi ya mjini na ya kijijini. Katika makala yake ya mwaka 1979, ambayo watu wa fani hiyo bado wanaijadili, alieleza kwamba shule ya mama ilikuwa na uzito kuliko vyote hivyo, na kwamba haielezeki kwa fedha peke yake.

Maelezo yake ndiyo yaliyonivutia. Mtoto akishikwa na homa usiku katika nyumba ya Kiyoruba, nani anaamua apelekwe hospitali? Aghalabu hakuwa mama yake. Mwenye kauli alikuwa mama mkwe, au mzee wa nyumba. Wao ndio walioamua kama ugonjwa ni wa hospitali au ni wa mganga, na kama pesa zilizopo zitatumika hapo. Mama kijana angeweza kujua kila dalili ya malaria na bado akakaa na mtoto mapajani hadi alfajiri akingoja ruhusa. Shule ilibadilisha mizani hiyo. Aliyesoma alihesabiwa nyumbani kuwa mtu wa ulimwengu mpya, na mambo ya hospitali yakachukuliwa kuwa ni ya ulimwengu wake. Mama mkwe alimwachia. Mume alimsikiliza. Chakula pia kiligawanywa vingine, mtoto akapata sehemu kubwa zaidi ya nyama na mboga.

Baadaye Caldwell na mkewe Pat walifanya utafiti vijijini Karnataka, India, wakaona upande wa pili wa jambo hilohilo. Dawa isipofanya kazi, mama aliyesoma hurudi kwa daktari na kumweleza kwamba mtoto hajapona. Asiyesoma mara nyingi harudi, kwa kuwa anaona kurudi ni kumwambia mkubwa kwamba ameshindwa. Mtu akiisoma habari hiyo Tanga, Kisumu au Bukavu hahitaji maelezo zaidi. Amewaona wanawake wale kwenye benchi la zahanati, wamejikunyata, wakijibu «ndiyo» kwa kila swali la muuguzi.

Sisi Tanzania tulikuwa tumeshaanza kazi ya kisomo kabla makala ile ya Caldwell haijachapwa. Mwaka 1964, alipouwasilisha mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, Mwalimu Nyerere alisema lazima tuanze na watu wazima, kwa sababu mchango wa watoto katika uchumi ungechukua miaka mingi kuonekana. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba karibu watu wazima saba katika kila kumi hawajui kusoma wala kuandika, na wanawake ndio walioumia zaidi. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima.

Mwanza, tangu mwaka 1968, palikuwa na mradi wa majaribio wa mikoa ya Ziwa uliosaidiwa na UNESCO. Vitabu vya kisomo vilivyotoka huko vilifundisha herufi kupitia kazi za watu. Kimoja kilihusu pamba, kingine ndizi, kingine uvuvi, na vilikuwepo vya maarifa ya nyumbani na malezi ya watoto. Madarasa yalifanyika jioni, baada ya shamba na kuteka maji, chini ya mwembe au katika chumba walichokiacha watoto mchana. Waliojaa humo wengi walikuwa wanawake, baadhi na mtoto mgongoni. Walioanza kisomo waliendelea kusoma gazeti la Elimu Haina Mwisho, lililochapwa Mwanza kwa ajili yao ili wasisahau.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 Redio Tanzania ilirusha vipindi, na vijijini viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wamefunzwa kuwapokea wasikilizaji. Watu karibu milioni mbili walishiriki. Kikundi kilikusanyika penye redio, kikasikiliza, kisha kiongozi akasoma kijitabu kwa sauti: wiki hii malaria, nyingine safura, nyingine kuhara damu, kichocho, kifua kikuu. Baada ya kusoma, watu walijadili, na baada ya kujadili waliamua la kufanya kabla ya kukutana tena: kuchimba choo, kufukia dimbwi, kufyeka majani yanayoizunguka nyumba. Naipenda sana hatua hiyo ya mwisho. Mwanamke aliyekuwa hajawahi kusema neno mbele ya wanaume wa kijiji aliulizwa maoni yake juu ya choo, na maoni yake yakaandikwa. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, iliyohusu lishe.

Ada ya shule za msingi ilikuwa imefutwa mwaka 1973. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaagiza kwamba hadi Novemba 1977 kila mtoto wa rika la shule awe darasani. Uandikishaji ulipanda kutoka watoto milioni moja na ushee hadi zaidi ya milioni tatu kufikia mwisho wa muongo, na miaka michache baadaye wasichana walikaribia kabisa kuwa nusu ya wanafunzi. Kliniki za mama na mtoto nazo zilipangwa nchi nzima katikati ya miaka hiyo ya 1970. Kipimo cha kisomo cha mwaka 1986 kilionyesha kuwa wasiojua kusoma wamepungua hadi chini ya mtu mmoja kwa kumi. Vifo vya watoto wachanga, kwa makadirio ya sensa, vilishuka kutoka 137 kwa kila 1,000 mwaka 1978 hadi 115 mwaka 1988, na hiyo ni miaka ambayo uchumi ulikuwa taabani, sukari na sabuni vikisakwa kwa foleni. Sitadai kwamba kisomo ndicho kilichofanya yote. Najua tu kwamba hali ngumu kiasi kile ingetarajiwa kuua watoto wengi zaidi.

Atakaye kuona kisomo kinavyofanya kazi aitazame kadi ya kliniki. Ndani yake kuna mchoro wenye njia za rangi: kijani, kijivu, nyekundu. Kila mwezi muuguzi anampima mtoto uzito na kutia nukta. Nukta zinaungwa kwa mstari, na mstari ukipanda sambamba na njia ya kijani, mtoto anakua. Mama anayeusoma mchoro huo anaona mapema mstari ulipolala miezi miwili mfululizo, ingawa mtoto anacheza na hajaugua. Anauliza. Anaongeza karanga kwenye uji. Asiyeusoma anangoja mpaka mashavu yapungue. Ukigeuza kadi kuna orodha ya chanjo na tarehe ya kurudi. Kwenye bahasha ya dawa kuna maandishi kama «1 x 3», na dawa mseto ya malaria inamtaka mtoto anywe kwa siku tatu, dozi ya pili saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Siku ya pili homa imeshashuka na mtoto anaomba chakula. Atakayeendelea kumpa dawa hadi mwisho ni yule anayeelewa kwa nini.

Robert LeVine, aliyewahi kuishi na kufanya utafiti miongoni mwa Wakisii wa Kenya, alilifuatilia jambo hili na wenzake huko Mexico, Venezuela, Zambia na Nepal. Waliwapima akina mama kusoma, wakawasikilizisha ujumbe wa afya wa redio, wakawauliza wangemwelezaje muuguzi ugonjwa wa mtoto. Waliobaki na uwezo wa kusoma, hata kama waliacha shule miaka mingi nyuma, walielewa zaidi na wakajieleza kwa mpangilio. Paul Glewwe naye alikuta Moroko kwamba maarifa ya afya ambayo akina mama walikuwa nayo hayakutoka darasani moja kwa moja. Waliyaokota baadaye, kwa kusoma na kusikiliza, kwa kutumia ufunguo waliopewa shule. Kwa hiyo hata shule duni, yenye madarasa matatu na mwalimu mmoja, haikuwa kazi bure.

Wapo waliotilia shaka, na hoja yao ni nzito. Sonalde Desai na Soumya Alva walitumia takwimu za nchi 22 mwaka 1998, wakauliza: je, si kwamba mama aliyesoma ameolewa na mume aliyesoma, anaishi penye maji ya bomba, choo na zahanati? Walipovitenga vyote hivyo, uzito wa shule ya mama katika vifo na kimo cha watoto ulipungua sana. Uliobaki imara ulikuwa kwenye chanjo. Onyo hilo linatukumbusha Lambeth: tusimpe mama daftari tukamnyima maji, kisha mtoto akifa tumuulize alisoma nini.

Jibu bora zaidi nililolikuta kwa shaka hiyo lilitoka Nikaragua. Mwaka 1980, baada ya mapinduzi, serikali ya Wasandinista iliwatuma vijana wapatao 60,000 mashambani kwa miezi mitano kufundisha wakulima kusoma, na madarasa ya watu wazima yakaendelea baada ya hapo. Wanawake maskini waliokuwa hawakupelekwa shule utotoni wakasoma wakiwa watu wazima, katika umaskini uleule, nyumba zilezile na waume walewale. Peter Sandiford na wenzake waliwalinganisha wanawake hao na wenzao waliobaki bila kisomo, na matokeo yakachapishwa mwaka 1995: watoto wa waliosoma ukubwani walikufa kwa uchache zaidi, na faida ilikuwa kubwa hasa kwa waliokaa mbali na huduma za afya. Hapo Nikaragua iliachana kidogo na Ekiti, kwani mama aliyesoma aliziba kwa sehemu pengo la zahanati isiyokuwepo. Zimbabwe nayo ilitoa ushahidi wa aina hiyo. Uhuru wa mwaka 1980 uliwafungulia ghafla wasichana Waafrika milango ya sekondari. Waliowahi mlango huo kwa kuwa tu walizaliwa miaka michache baada ya dada zao, watoto wao walipona zaidi.

Kisha zikaja hesabu za dunia nzima. Mwaka 2010 jarida la Lancet lilichapisha kazi ya Emmanuela Gakidou na wenzake kuhusu nchi 175: vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilipungua kwa milioni 8.2 kati ya mwaka 1970 na 2009, na zaidi ya nusu ya upungufu huo, milioni 4.2, ulitokana na kupanda kwa elimu ya wanawake. Mwaka 2021 uchambuzi mwingine katika jarida hilohilo ulikadiria kwamba mama mwenye miaka 12 ya shule hupunguza hatari ya mtoto wake kufa kabla ya miaka mitano kwa asilimia 31, akilinganishwa na asiyesoma kabisa. Miaka 12 ya baba hupunguza kwa asilimia 17. Wanaume tusiipuuze asilimia hiyo ya pili.

Nyumbani, vifo vya watoto chini ya miaka mitano Tanzania vilishuka hadi 43 kwa kila 1,000 katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022. Mwaka 1999 vilikuwa 147. Lakini utafiti huohuo wa 2022 una habari inayouma. Asilimia 30 ya watoto wetu wamedumaa, na mikoa inayoongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa, inayolima mahindi kwa wingi. Iringa ni zaidi ya nusu ya watoto. Na wanawake wa Iringa na Njombe si watu wasiosoma. Wataalamu wa lishe wakieleza, hutaja mzigo wa kazi: mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto amebaki na dada yake wa miaka saba, na uji ni wa mahindi matupu mara mbili kwa siku. Mama huyo anaisoma kadi ya kliniki barabara. Anachokosa ni saa mbili za mchana, na mtu wa kumpokea jembe.

Kwa hiyo ninamwomba anayesoma hapa mambo mawili. Baba, siku ya kliniki nenda na mkeo, uisome kadi mwenyewe, na msimu wa palizi ukifika mpunguzie mama wa mtoto mchanga siku za shamba. Na kama nyumbani kwako au kwa jirani yuko binti aliyeacha shule kwa sababu alibeba mimba, jua kwamba Kenya ilimruhusu kurudi tangu mwaka 1994 na Tanzania Bara tangu Novemba 2021. Mtafutie wa kumshikia mtoto asubuhi, uende naye kwa mwalimu mkuu, mkamwandikishe.